Mwongozaji Asiyemsikia Tena Kibawa

Saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Masikio amesimama chini ya miti mirefu, darubini kifuani, shingo ameinyoosha juu. Mkewe, aliye mbele yake kidogo, anainua kidole: amesikia sauti. Mzee anatazama kidole kinakoelekea. Yeye hajasikia kitu.

"Hapo kwenye shina lenye kuvu," mkewe ananong'ona.

Ndege mdogo wa rangi ya kijani iliyofifia anapanda shina akidonoa wadudu. Anafunua bawa la kulia, analifunga, kisha la kushoto. Mzee anatikisa kichwa kukubali. Ndege wanaofanana naye humu ni wengi, lakini anayefunua bawa mojamoja ni huyu tu, na waongozaji wa wageni wamembatiza Kibawa.

Jina la Masikio alipewa na wenzake ujanani, maana aliwasikia ndege kabla ya mtu yeyote. Katika msitu mnene kama huu, jicho halifui dafu mpaka sikio lilionyeshe pa kutazama. Sasa ana miaka 58, na sauti nyembamba zimempotea masikioni moja baada ya nyingine. Ya Kibawa ilikuwa ya mwisho.

Mwanzoni alijikaza kisabuni, akawaambia wageni Kibawa amehama. Siku moja mgeni akamuuliza kwa upole kama anayeimba juu yao si Kibawa. Mzee alirudi nyumbani amenywea.

Mkewe, anayeuza chai langoni mwa msitu, alimtania kwamba siku hizi hata akiitwa kula haitiki. Alipoona machozi ya mumewe, akaacha utani. Kesho yake alifunga kibanda, akamfuata kazini, na kila walipomwona Kibawa, mke alitulia mpaka ndege aimbe. Ndivyo alivyoijua sauti yake.

Kinachomuuma mzee si masikio peke yake. "Miaka yote aliniomba nimlete huku," anasema. "Nikamwambia utachoka bure, ndege ni ndege tu. Wageni nimewaonyesha kila kitu, mke wangu sikumwonyesha. Nilimkosea sana."

Wameomba ofisi ya msitu iwaruhusu kuongoza wageni pamoja. Jibu halijaja. Wakikataliwa, mzee ataacha kazi, ila asubuhi watakuja wawili hivihivi.

"Jioni namwomba anipigie mluzi kama Kibawa anavyoimba," anasema. "Naona midomo yake tu. Anajua simsikii, lakini haachi mpaka amalize."