Nimefeli Mtihani wa Moto kwa Kusudi

Leo nimefeli mtihani wa kazini mara tatu, jamani. Kwa kusudi.

Hoteli yetu hapa Diani imeanza kutufundisha sisi wapishi kwa simu. Unatazama video, unajibu maswali, na usipoyapata yote huingii jikoni.

Swali la mwisho: mafuta yakishika moto kwenye karai, utafanya nini?

Nikabonyeza: zima gesi, funika.

Kosa!

Nikarudia. Kosa tena. Jibu lao sahihi ni kumwagia maji.

Maji! Kwenye mafuta yanayowaka!

Wenzangu walikwisha kupita. "Mama Zuhura, bonyeza maji twende zetu."

Nikakataa. Dada yangu kule Msambweni aliwahi kulimwagia maji karai la mahamri lililoshika moto. Hata leo mkono wake haukunjuki vizuri.

Nikabonyeza funika mara ya tatu.

Mwalimu wetu, binti wa Nairobi aliyekuja kusimamia mafunzo, akasema, "Mama, sistimu ndiyo imesema. Nitakuandika hujafuzu."

"Niandike, mwanangu. Lakini kwanza lisome hilo jibu kwa sauti."

Akasoma. Akafungua mafunzo yale yale kwa Kiingereza. Kule jibu sahihi ni langu! Kwenye Kiswahili majibu yaliwekwa kinyume.

"Nisamehe, mama. Nimeshalifundisha hili hoteli nne."

"Basi zipigie zote sasa hivi."

Nikasimama kando yake mpaka ya nne ikapokea.

Kesho tunarudia sote. Waliopata mia wameninunia, na wanune tu.

Haya semeni kweli: nyinyi mngebonyeza maji?