Maneno ya Ungo Mmoja

Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilitangaza mbele ya familia nzima, hapa Kasongo, kwamba ninaandika riwaya, tena maneno elfu mbili kila siku. Idadi hiyo niliiokota kwenye simu ya rafiki. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilinunua daftari tatu, kaye kama tunavyoziita, na biki za rangi mbili, ya pili ya kusahihishia, maana nilijiona mwandishi tayari.

Msomaji nilikuwa naye mmoja, na hakujua kusoma: bibi yangu. Riwaya ilikuwa safari yake ya ujanani, kwa miguu kutoka Wamaza alikoolewa hadi Nyangwe, kumwangalia mama yake mgonjwa. Alifika siku mbili baada ya maziko. Aliniomba jambo moja tu: kwenye kitabu amkute mama yake angali hai. Na alitaka kulisikia mapema, kwa kuwa mwili ulishaanza kumwelemea.

Siku ya kwanza niliandika maneno themanini. Siku ya pili nikagundua salamu. Kwetu mtu hampiti mwenzake hivi hivi: utauliza nyumba, watoto, shamba, mbuzi, na kila swali lina jibu lake. Nikamkutanisha Bibi na kila mpita njia wa Kabambare, upande huohuo wa Wamaza, na elfu mbili zikapatikana kabla ya chakula cha mchana. Kichwa kilinivimba.

Bibi alisikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo, kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yamechoka. Siku ya nne akauweka ungo chini.

"Mume wangu," akasema, kama bibi wa kwetu wanavyomtania mjukuu, "hawa watu wanasalimiana tangu juzi. Miye niko wapi?"

"Uko Wamaza bado, Bibi."

"Basi andika ya ungo moja. Muchele ikiisha, unyamaze."

Nilihesabu: hadi amalize kuchambua ungo mmoja, nilisoma maneno kama mia mbili. Niliona aibu hadi nikakosa hamu ya kula, kisha nikatii. Nilifuta salamu zote, hata zile za chifu nilizozipenda sana, na safari ikaanza kutembea. Mvua zilipokatika tukawa tumeikaribia Nyangwe.

Siku ya kufika, Bibi alikuwa amelala mkekani, hana nguvu ya kushika ungo. Nilisoma: akasukuma mlango, mama yake akainuka, wakakumbatiana. Mia mbili kamili. Nikafunga kaye kwa maringo ya fundi aliyemaliza kazi.

"Hawakusalimiana?" akauliza Bibi.

Nilifungua kaye, nikaona sina kitu cha kumsomea, na nilijichukia. Nikaanza kutoka kichwani, kwa sauti ya yule mama.

"Karibu, mwanangu. Habari ya Wamaza?"

"Muzuri," akajibu Bibi, macho ameyafumba.

Nikamuuliza njia, nyumba, shamba. Alijibu kila moja polepole, bila kuruka.

"Na watoto?"

"Wazima, Mama," aliniambia. "Na mbuzi nao wazima."