Siku Niliyomtetea Kasa

Wiki iliyopita binti yangu alirudi na kazi ya shule: alinganishe kasa na ndege yeyote anayeimba. Nilicheka. Rafiki yangu, mimi nimewahi kusimama mbele ya darasa la tano, katika shule ya mtaani kwetu huku Eastlands, nikimtetea kasa.

Ulikuwa mjadala wa Ijumaa. Mwalimu alikuwa ametusomea habari za kasa, jinsi anavyotaga mayai ufukweni, akayafukia na kurudi baharini, asiwaone wanawe tena. Halafu akauliza nani mzazi bora, yeye au shorewanda. Shorewanda tulimjua. Alijenga kiota kwenye ua wa kayaba karibu na mfereji, akiimba tangu alfajiri, na tulipopanga foleni ya maji tulimwona akilisha makinda yake. Kila mtu alimtaka yeye. Mimi nikapangiwa kasa.

Niliumia. Mama alikuwa akifanya kazi ya hoteli Mombasa, aliniacha kwa nyanya nikiwa na miaka minne, na darasa zima lilijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijiuliza kimoyomoyo kama nilitupwa.

Alhamisi jioni nyanya alikuwa mlangoni akichambua kunde. Bahari hakuwahi kuiona. Nilipomweleza, akaanza kunihoji.

"Hayo mayai anayaweka maji yanapofika?"

"Hapana, nyanya. Anapanda juu, kwenye mchanga mkavu."

"Na huko nchi kavu anatembea vizuri?"

"Anajikokota tu."

Akatupa vijiti vya kunde. "Sasa wewe, mtu anajikokota hivyo kutafuta pakavu, halafu unasema hajali?"

Kesho yake niliyasema hayo mbele ya darasa. "Wapi! Anazaa, anahepa!" msichana mmoja akapaza sauti, darasa likavunjika mbavu. Kura ilipopigwa, mikono miwili tu ilimuunga kasa mkono, wangu na wa mwalimu. Hata hivyo nilirudi nyumbani mwepesi, nikamwandikia mama barua yangu ya kwanza. Nilimwambia mahali aliponiweka ni pakavu. Nilidanganya kidogo, maana paa letu lilivuja kila masika.

Nyumba zile za chumba kimoja zimebomolewa, maghorofa yamesimama, na nyanya hayupo tena. Nikipita pale siwezi hata kukuonyesha mlango wetu ulikuwa wapi, na inaniuma. Lakini mama yupo, amestaafu, na akianza kujilaumu kwa miaka ile huwa namkatiza.

"Mama, wacha. Ulinichagulia nyanya."