Daftari Safi la Msikilizaji

Nilikuwa na madaftari mawili, moja la haraka na jingine la usafi. Wanafunzi wengi hapa Uvira hufanya hivyo: darasani unaandika mbiombio huku mwalimu akisoma, nyumbani unanakili upya kwa rula na kalamu nyekundu. Mimi niliichukua desturi hiyo nikaipeleka kwenye maumivu ya mtu.

Mama mmoja, mwalimu wetu wa saikolojia, alikuwa ameunda kundi la wasikilizaji: wanafunzi wa mwaka wa pili wa kukaa na wale wa mwaka wa kwanza waliolemewa na chuo. Alitufundisha alasiri moja tu. Mengine nilijifundisha mwenyewe kwenye simu, kama nilivyojifundisha Kifaransa kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo. Nilikariri hatua zote za kusikiliza. Nilitaka Mama afungue daftari langu aseme hajawahi kuona kazi kama hiyo.

Wa kwanza kunijia alikuwa mtu mzima wa Lubarika, mkulima wa mihogo, mwenye mke na watoto. Darasani walimwita Papa, yaani baba, na hawakumaanisha heshima. Tulikaa nyuma ya maktaba, siku ya Jumatano. Akasema:

"Mudogo, nilipata tatu juu ya makumi mbili. Mutoto wangu wa darasa ya tano akaniuliza alama. Nikamuambia kumi na ine. Akaenda kutangazia batu ya nyumba yote."

Niliandika tatu kati ya ishirini, kisha kalamu yangu ikagoma. Nikainua kichwa na kusema, kwa sauti ya upole niliyoizoeza mbele ya kioo: "Rudiliya kidogo, mukubwa. Sikuandika muzuri."

Aliniangalia, akaliangalia daftari. "Nirudiliye fasi gani? Fasi ya kudanganya mutoto?"

"Ndiyo. Ile ya mwanzo niliandika."

Akainuka, akapangusa suruali. "Basi bakia na ile ya mwanzo."

Jumatano iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Darasani pia hakuonekana. Mama aliponiuliza, nilimjibu kwamba mtu wangu anaendelea vizuri, nikamkabidhi daftari la usafi. Alisoma ukurasa wote, kisha akaweka kidole mahali palipokuwa patupu.

"Muandiko wako iko muzuri sana," alisema. "Na hii mistari mine uliiacha ya nini?"

Nilikuwa nimeiacha ili nijaze akirudia maneno yake. Nikalivuta daftari kwangu.

"Na yeye iko wapi?"

Mitihani ilibakiza siku chache, na asiyetokea siku ya kwanza mwaka wake umekwisha.

Jumamosi nilipanda gari mpaka Luvungi, kisha pikipiki hadi Lubarika. Nilimkuta uani akimenya mihogo pamoja na binti yake. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na yote yakanitoka kichwani.

"Umekuja na kaye, ile daftari yako?" aliuliza bila kuacha kisu.

"Hapana, mukubwa."

Nikamweleza jambo ambalo hakuna mtu wa Uvira aliyelijua. Lilitoka vipande vipande, mwisho ukitangulia. Kwamba mwaka wa kwanza niliufanya mara mbili. Kwamba mara ya kwanza ilikuwa Bukavu, nikapata mbili katika hesabu, nikatoroka kabla ya matokeo ya mwaka kubandikwa. Nyumbani nilisema baridi ya kule ilikuwa inaniumiza kifua. Mpaka leo mama yangu hunitumia sweta.

Akaacha kisu. "Rudiliya kidogo. Sikusikia muzuri."

Alikuwa amesikia kila neno. Masikio yangu yaliwaka. Nikarudia polepole, ile mbili, kifua, hata sweta.

Binti alikuwa amekaza macho kwangu. "Mbili juu ya kumi?"

"Juu ya makumi mbili."

Akacheka mpaka akaangusha muhogo. "Weye unashindwa na Papa. Papa alipata kumi na ine."

Nilitazama chini. Nilifikiri baba yake ataliacha lipite, na mimi ningeliacha.

"Tatu," akasema. "Papa alipata tatu. Nilikudanganya."

Mtoto aliokota muhogo wake, akavuta beseni karibu, akaendelea kumenya bila kutuangalia. Baba yake naye alichukua kisu. Wakamenya hivyo, wote wawili, mpaka beseni likajaa.

Aliponisindikiza njiani alisema tu, "Siku ya mutihani nitashuka."

Alishuka. Nilimwona benchi la mbele, shati limepigwa pasi. Lakini Jumatano hakuja nyuma ya maktaba, na sikuthubutu kumuuliza. Nilikaa pale peke yangu mpaka saa kumi na moja, bila daftari. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa namngoja yeye. Kila mara nyayo ziliposikika niligeuka kutazama kama ni Mama anapita, nikitumaini anione nimekaa mikono mitupu.