Kushoto Ziwa, Kulia Mlima

Kuuliza si ujinga, na mimi nimeuliza sana maishani. Jina langu ni Constance. Nashona nguo hapa Baraka, na ukuta wangu wa mbao umegusana na ukuta wa Bonaventure, ambaye mji mzima unamwita DJ Bona. Kwa hiyo msidhani kwamba ninamchungulia. Ukuta wenyewe una nyufa.

Kilichonisumbua kwanza ni diski zake. Miaka hii kila kijana ana muziki wa dunia nzima kwenye simu, na ma-DJ wenzake wanakwenda harusini na flashi moja mfukoni, mikono mitupu, kama watu wanaopita kusalimia tu. Bona bado anachoma diski. Anaziagiza tupu kutoka Uvira, anawasha ile kompyuta yake inayokohoa, anachoma moja, anaisikiliza mpaka mwisho, ndipo anachoma nyingine. Siku moja uvumilivu ukanishinda.

"Bona, benzako bote beko na flashi. We unashikilia hizi disque ju ya nini?"

"Mama Constance," akanijibu bila kuinua kichwa, "flashi ikikufa, inakufa na bantu bote. Disque ikikufa, inakufa yenyewe tu."

Nikakubali kwamba hilo ni jibu. Lakini kwangu jibu zuri huzaa swali lingine. Niliona kwamba haandiki kitu chochote juu ya diski. Anasema wino unaila diski kutoka mgongoni, tena DJ mwingine akisoma jina la wimbo leo, kesho anao. Badala ya kuandika, alikuja kwangu kuomba mabaki ya vitenge na nyuzi. Nikamshonea vifuko vidogo, kila diski na chake, na kila kifuko kina uzi kwenye pembe. Uzi wenye fundo moja ni wa bibi harusi kuingia. Mafundo mawili ni keki, matatu ni zawadi. Uzi usio na fundo ni wa akina mama, kwa sababu akina mama, alisema Bona, hawangoji ishara.

Kisha akaniomba mifuko miwili mikubwa ya kubebea vile vidogo. Mmoja nikaushona kwa kitambaa cha bluu, mwingine kwa cha kahawia. Wa bluu ulikuwa wa ziwa: nyimbo zinazowainua watu wa Baraka na Nundu. Wa kahawia ulikuwa wa mlima: nyimbo za watu wa Bibokoboko na wafugaji wote wa kule juu. Diski ya mfuko mmoja haikuruhusiwa hata kulala ndani ya mwingine.

"Na kama zikilala pamoja, zitazaa?" nikamtania.

Hakucheka. Mambo ya mifuko hachekei. Akanieleza kwamba kwenye harusi ambayo ziwa linaoa mlima, au mlima unaoa ziwa, kila upande hucheza kwa zamu. Ukiupigia upande mmoja diski mbili mfululizo, upande wa pili unaanza kuhesabu. Watu wa kwetu hawagombani na DJ. Wanachukua kofia zao tu, wanaaga kwa adabu, na baada ya hapo mtasikiana kwa wapatanishi. Ndiyo maana yeye husimama katikati ya mifuko, kushoto ziwa, kulia mlima, macho yake yakiwa kwa watu. Mikono inapokezana yenyewe, vidole vinasoma mafundo.

"Nikichanganya, mukono itakosea," alisema. "Mukono aina macho."

Nilimwona ni mtu mwenye akili nyingi, na bado namwona hivyo, ingawa siku ya harusi ya Umwiza nilitaka kumpiga.

Umwiza ni binti wa Bibokoboko. Alikuwa anaolewa na Patrice, muuza nyavu wa hapa sokoni, ambaye kwao ni Nundu. Alipokuja kwangu kupimwa nguo alitaka kuongea na DJ wa harusi yake, kwa hiyo nikamwita Bona kupitia ukutani.

"Kaka Bona," Umwiza akamwambia, "Shangazi Muhoza njo alinilea. Bajomba bote balikataa hii ndoa, yeye peke njo alisema aache kwanza ashuke aone kama banatuheshimu. Akirudi ku mulima na roho mubaya, mi sitakuwa tena na mulango ya kurudia."

Bona akaweka mkono kwenye ule mfuko wa kahawia. "Utasikia yenu ikilia mupaka wazee bainuke," akasema. Na kweli, juma zima nilisikia kompyuta ikikohoa nyuma ya ukuta. Alikuwa anachoma nyimbo za mlima.

Asubuhi ya harusi tukaondoka Baraka kwa pikipiki mbili. Spika zilikuwa zimetangulia na lori. Bona alipanda kwa Roger, dereva wake wa siku zote, na mimi nilikuwa nyuma yao, nguo ya bibi harusi nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa. Kabla ya Nundu kuna mto ambao daraja lake limechoka, na mvua ilikuwa imenyesha, ikabidi tupite majini. Niliuona mfuko wa kahawia ukilegea kwenye kamba. Nikapiga kelele. Maji nayo yalikuwa yanapiga kelele. Mfuko ukaanguka, ukaelea kidogo kana kwamba unafikiri, kisha ukaenda zake. Roger akaruka majini mpaka kifuani akatoka mikono mitupu. Mfuko wa mlima ulikuwa umeenda ziwani.

Bona alikaa kwenye jiwe. Ule wa bluu alikuwa ameuning'iniza shingoni, mkavu kabisa.

"Si ulisema disque inakufa yenyewe tu?" nikamwambia. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu haichagui wakati. "Angalia sasa. Imekufa na bantu bote ba Bibokoboko!"

Nilipomtazama vizuri nikaona analia, nikajuta, nikampa kitambaa.

Kompyuta ilikuwa imebaki Baraka, kwa hiyo Roger akashauri tuseme mashine ya diski imeharibika. Dereva wangu akashauri Bona apige za ziwa taratibu, labda wageni hawatagundua. Kama si hilo, wangegundua nini? Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya kutoka pale mpaka Nundu ilikuwa fupi zaidi.

Tulikuta viti vimepangwa pande mbili za uwanja. Kina Patrice walikuwa upande huu wakichekacheka, na watu wa mlimani upande ule, wamekaa wima, fimbo zao kati ya magoti. Shangazi Muhoza alikuwa mbele kabisa, mwanamke mrefu mwenye mkufu wa shanga, na kiti alichopewa alikuwa amekikalia nusu tu. Bona akawasha jenereta, akaunganisha waya zake, akazitazama mashine. Kisha akaziacha, akavuka uwanja akiwa amevua kofia. Nikamfuata. Ningebakije nyuma?

"Shangazi," akasema, "miziki yenu ilianguka mu muto. Yote."

"Yetu?"

"Yenu."

"Na ya hawa?"

"Ya hawa iko."

Mzee mmoja nyuma yake akaishika fimbo. Shangazi Muhoza akainua kidole, mzee akatulia.

"Mutoto yangu, niambie. Ya hawa ulibebea wapi?"

"Ku kifua."

"Na yetu?"

Hapo ndipo nilipotamani adanganye, Mungu anisamehe. Bibi harusi alikuwa amesimama mlangoni na nguo yangu, mkono mdomoni. Nilijua kwamba mlango wake wa nyumbani uko kwenye ulimi wa Bona.

"Nyuma, ku porte-bagage," Bona akasema. "Na kamba."

Uwanja mzima ulisikia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Yeye mwenyewe, nadhani, alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza: miaka yote ya kupokezana mikono sawasawa, na bado kifua chake kilikuwa kimeshachagua. Akageuka, akarudi kwenye jenereta, akaizima.

"Kama yenu aiko," akasema, "hata yetu ailie."

Mama yake Patrice akaruka kutoka kitini. "Weye! Tulikuleta upige muziki, si unyamaze! Ni musiba hii?"

Mbuzi alilia mahali fulani, na sikumbuki kumpenda mbuzi kama siku ile, kwa sababu angalau alisema kitu.

Kisha Shangazi Muhoza akasimama. Nikafikiri basi, wanaondoka. Akamtazama Bona kwa muda, kama ninavyotazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Umesema kweli, na kweli yako ni mubaya," akamwambia. "Lakini we unafikiri bamama betu balikuwa banachezea mu mufuko yako?"

Akapiga makofi. Polepole, mara moja, mara mbili, kisha wenzake wakaingia. Akaanza kuimba, sauti nyembamba ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, mikono imeinuliwa, na wazee wakaziacha zile fimbo kwenye viti wakasimama. Umwiza alikuja mbio, nguo yangu inaburuta udongo, wala sikujali. Wimbo ulipoisha, watu wa Nundu walitazamana. Zamu ilikuwa yao, na walijua. Mama Patrice akanyakua bidoni, dumu tupu la maji, akalibana kati ya magoti, akajibu kwa ngoma. Wakapokezana hivyo mchana kutwa, mlima, ziwa, mlima, ziwa, hakuna aliyepewa mbili mfululizo. Bona alizunguka na simu yake akirekodi, machozi na jasho vimechanganyika usoni.

Jioni, wakati wa kuagana, Shangazi Muhoza alimkumbatia Umwiza mbele ya wote. "Mulango iko wazi," akamwambia. Nikalia na mimi, ingawa hayakunihusu. Kisha akamgeukia Bona.

"Na hii ya leo, utaiweka mu mufuko gani?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona Bona hana pa kuweka kitu.

Aliichoma diski ile kesho yake. Nikamshonea mfuko mwingine wa kahawia, na siku hizi mifuko yote miwili husafiri kifuani, imebanana. Lakini ile diski yenyewe ilinisumbua. Kila nilipopita niliuliza, "Umeiweka wapi?" Naye, "Bado naangalia." Nikashona kifuko, akakirudisha kitupu. Mwishowe nikaingia nikatafuta mwenyewe. Haikuwa kwenye bluu, haikuwa kwenye kahawia. Ilikuwa ndani ya mashine. Kwa sababu haina mfuko, akimaliza kazi huirudisha humo, kwa hiyo kila anapowasha, ndiyo inayoanza kulia.

Umwiza anaishi na Patrice nyuma ya soko. Njia ya Bibokoboko si ya kupandwa kila unapotaka, na Shangazi hajashuka tena tangu siku ile. Asubuhi, Bona anapojaribu spika zake, makofi yale yanaanza, na mara nyingi Umwiza huwa anapita na beseni lake la ndagala, dagaa wa ziwa letu. Husimama hapo barabarani mpaka sauti ya shangazi yake iishe. Mama Patrice anapoanza na bidoni mle diskini, Umwiza hucheka, anaendelea na safari yake.

Sijamuuliza anafikiri nini. Hilo moja nimeliacha.