Nilivyopeleka pickup ya mayai kwa babake Nasieku

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii ilinipata mimi mwenyewe, na mke wangu anasoma nikiandika, so hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Ni miaka ya mwanzo ya 2000s. Jirani yetu mmoja alinunua gari na pesa ya mayai. Basi! Mtaa mzima ukajenga chicken house. Mama yangu, Mkamba asiyependa kuachwa nyuma, naye akaleta layers, kuku wa kutaga.

Soko ikajaa. Broker akawa anapita kwa gate bila hata kupunguza speed.

Na si ati ilikuwa msimu. Mwaka ukiisha, hali ni ile ile. Kila mtu alikuwa anangoja jirani auze kuku zake kwanza ndio bei ipande. Hakuna aliyeuza. Tulikula mayai mpaka mbwa ikikuona na sahani inaenda zake.

Sasa katikati ya hiyo vurugu nikapenda. Nasieku, msichana Mmasai wa Isinya. Aliniambia wazi: baba akikukataa, mimi siolewi na wewe. Nilikuwa nimekwisha, wakuu. Chakula hakipiti, hata kama si mayai.

Siku ya kwenda kujitambulisha, mama akasema hatuendi mikono mitupu. Akajaza trays za mayai kwa pickup ya anko Musyoka, ndugu yake.

Najua nyinyi wa Kajiado mshaanza kucheka. Ningejuaje? Nasieku alikuwa anakula mayai vizuri tu! Alinifundisha salamu zote, hii ya mayai akasahau.

Tulipofika niliinamisha kichwa, mzee akakigusa. Safi. Kisha akaona trays.

"Hii ni nini?"

"Mayai, baba."

"Kwetu hii ni chakula ya nyoka. Umeona nyoka hapa?"

Nasieku akafunika uso na shuka. Anko Musyoka akaona aokoe jahazi. "Mzee, tulitaka kuleta kuku yenyewe, lakini bado inataga."

Woiye. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee, kwa heshima, akaitisha maziwa. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, kila ng'ombe ina maziwa, na wanunuzi wamekataa kuchukua zaidi. Tulikunywa. Kikombe kikiisha kinajazwa, na kukataa ni matusi. Hata ndama zilikuwa zimeshiba hadi zinatuangalia kwa huruma.

Anko akamweleza vile soko ya mayai imejaa. Mzee akaniuliza, "Kama hayo mayai hayana mtu, kwa nini mama yako hapunguzi kuku?"

Sijui ni maziwa ilinipanda kichwani. Nikamjibu, "Na wewe baba, kwa nini hupunguzi ng'ombe?"

Anko akaanza kutafuta funguo za gari.

"Ng'ombe haipunguzwi," mzee akasema polepole.

"Mama pia anasema hivyo hivyo juu ya kuku."

Aiii! Mzee alicheka mpaka rungu ikaanguka. Akaniambia, "Wewe rudi. Mayai isirudi."

Tulirudi na trays zote na mitungi ya maziwa juu, anko akisimamisha gari kila kichaka kwa sababu ya tumbo. Mama kuona mayai yamerudi, akalia akidhani tumekataliwa.

Tukaitwa kwa mahari. Wakuu, yule mzee aliyekuwa amezidiwa na maziwa, mnajua aliitisha nini? Ng'ombe. Nyingi!

Na mama, ndio tupate pesa za kununua hizo ng'ombe, mnajua alifanya nini? Aliongeza kuku.

Nilichojifunza: kila mtu anaona kilichozidi ni cha jirani. Baadaye niliajiriwa ofisi moja ya serikali, kila June budget inabaki, tunanunua wheelbarrow ndio mwaka ujao tusikatwe. Store imejaa wheelbarrow. Sikushangaa hata kidogo.

Haya, na nyinyi semeni, kwenu mlizidiwa na nini? Na kama uko karibu na unataka mayai, usiulize bei. Kuja tu na gari.