Siku Tatu za Mvua

Mimi ni mtu wa mdomo. Hata wanafunzi wangu wa uhandisi husema nikianza sinyamazi. Lakini kuna asubuhi moja mdomo huu ulikauka kabisa, na nikiikumbuka bado naona aibu.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamili hapa Nyeri. Kazi yangu ilikuwa kwenda mtoni kila asubuhi, nisome kina cha maji kwenye ubao uliosimikwa ukingoni, niandike daftarini. Mhadhiri wangu, mama wa Kimeru asiyependa maneno mengi, alikuwa akitafuta hesabu ya kuwaonya watu wa Sagana, kule chini bondeni, kabla maji ya mlimani hayajawafikia. Vijana aliowafundisha yeye mwenyewe walikuwa wameshampita cheo. Alibakisha makala moja tu apandishwe, na maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Sasa, msimu ule mvua kubwa ilinyesha siku tatu mfululizo, nami nikabaki kitandani. Baadaye nikachukua kiasi cha mvua kilichopimwa kwenye kituo cha hali ya hewa, nikakiingiza kwenye hesabu yake, na jibu lililotoka nikaliandika kana kwamba nimelisoma mtoni. Ati nani angejua?

Jumatano akaniita ofisini, akanimiminia chai, akanionyesha mchoro. Vipimo vingine vyote vilitapakaa huku na huku. Vitatu vilikaa juu ya mstari wa hesabu yake sawasawa, na mto haujawahi kuwa na adabu hivyo.

"Angalia," alisema akitabasamu, jambo la nadra kwake. "Mvua yote hiyo, na hesabu imeshika."

Ule uso wenye furaha ndio ulionishinda. "Daktari, hivyo vitatu sikuvipima. Nilivitoa kwenye hesabu yako."

Hakufoka. Aliuliza ni siku zipi, akazifuta moja moja. Bila siku zile makala haikuwa na mafuriko hata moja ya kuthibitisha chochote, na sote wawili tulijua. Akafunga kompyuta, akaniambia nimalize chai.

Ijumaa asubuhi mkuu wa idara alikuja mlangoni kuuliza makala iko wapi. Nilikuwa palepale, nikingoja kutajwa.

"Vipimo havikutosha," alimjibu. "Nitangoja mvua nyingine."

Alisema hivyo tu. Cheo kikaenda kwa mwingine.

Mvua iliporudi nilivaa gambuti kabla hakujapambazuka, nikateremka mtoni mbio. Nilimkuta ameshafika, amelowa chapachapa, mwavuli ameukunja kwapani, anausoma ule ubao. Nikajua kazi yangu imeisha, na kusema kweli nilistahili.

Alitoa daftari ndani ya koti, akaliweka mkononi mwangu pamoja na kalamu.

"Andika wewe," alisema, kisha akafungua mwavuli juu ya karatasi ili namba zangu zisilowe.